Mdororo wa uchumi, Serikali na mkopo wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Maswali haya yamekusanywa katika mikutano ya wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, kwenye foleni za marejesho, na wakati mwingine kwenye kiti cha daladala baina ya Moshi na Arusha. Anayejibu ni afisa mikopo ambaye kwa miaka mingi amekaa upande wa pili wa meza, akiwasikiliza watu wanaouliza Serikali inafanya nini mambo yanapoharibika. Majibu yanaanza na mambo ya msingi, kisha yanaingia kwenye hali za pekee. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mdororo wa uchumi ni nini hasa? Ni sawa na kusema vyuma vimekaza?

Kwa wachumi, mdororo ni kipindi ambacho shughuli za uchumi wa nchi nzima, yaani uzalishaji, ajira, mauzo na mapato, zinapungua kwa pamoja kwa miezi kadhaa. Kipimo kinachotajwa sana ni pato la taifa kushuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo, ingawa si kila nchi inakifuata. Marekani huiachia kamati ya wachumi ipime mambo mengi kabla ya kutamka, na kamati hiyo ndiyo iliyotamka kwamba mdororo mkubwa wa nchi hiyo ulianza Desemba 2007 ukaisha Juni 2009.

Vyuma kukaza ni hali ya mfuko wa mtu, na inaweza kumpata hata pale ambapo uchumi wa taifa unakua. Swali linalofuata linaonyesha jinsi inavyotokea.

2. Mwaka 2020 tuliambiwa uchumi wa Tanzania umekua. Mbona sisi wa Arusha na Moshi tulikaa bila kazi?

Yote mawili ni kweli. Pato la taifa lilikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, pungufu ya takriban asilimia 7 ya mwaka uliotangulia, lakini bado ni ukuaji. Dhahabu iliendelea kuchimbwa na kuuzwa, ujenzi wa reli na barabara uliendelea, na mashamba yalivunwa. Kwa hesabu ya nchi nzima, hapakuwa na mdororo.

Sasa tazama hesabu ya kanda yetu. Watalii walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, na mwaka 2020 walikuwa 620,867. Mapato ya utalii yalishuka kutoka takriban dola bilioni 2.6 hadi dola bilioni 0.7. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa hapa Arusha. Anga ilifungwa kwa ndege za abiria za kimataifa mwezi Aprili na kufunguliwa tena Mei 18, lakini kufungua anga ni jambo moja na wageni kurudi ni jambo jingine.

Mwezi Aprili mwaka ule mama mmoja, mwanachama wetu, aliyekuwa akipeleka mboga kwenye hoteli tatu za Arusha, aliingia ofisini akiwa na daftari lake la oda. Kurasa za Januari na Februari zilikuwa zimejaa hadi pembeni: karoti, hoho, letasi, maparachichi. Ukurasa wa wiki ya mwisho ya Machi ulikuwa na mstari mmoja tu, hoho kilo 4. Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu. Alikuwa hajafika kuomba chochote. Alitaka tu tuone, ili tusije tukadhani ni mkaidi.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo chanzo cha kutoelewana kwingi. Vyombo vya sera vimeundwa kupima na kutibu taifa zima, na taifa likiwa na wastani mzuri, mkoa mmoja unaweza kuzama bila kengele kulia Dodoma wala Dar es Salaam. Kwa hiyo anayeishi katika mji unaotegemea utalii na kahawa inampasa ajue kila hatua ya Serikali inamfikia kupitia mlango gani, kwa sababu haitamfikia yenyewe.

3. Nani anaamua nini? Wizara, Benki Kuu, TRA, wote tunawaita "Serikali".

Kodi, matumizi na mikopo ya Serikali ni kazi ya Wizara ya Fedha, kwa idhini ya Bunge, na TRA hukusanya. Hii ndiyo sera ya bajeti. Kiasi cha fedha kwenye mzunguko, riba ya msingi na usimamizi wa mabenki ni kazi ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi Juni 1966 na yenye tawi hapa Arusha. Bima husimamiwa na TIRA, hisa na hatifungani (hati za mkopo) zinazouzwa kwa umma na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na vyama vya ushirika, zikiwemo SACCOS, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ukipeleka malalamiko ya SACCOS kwa TIRA utazungushwa wiki nzima bila mtu yeyote kuwa na kosa.

## Benki Kuu na bei ya fedha

4. Benki Kuu hufanya nini uchumi unapolegea?

Hupunguza gharama ya fedha kwa mabenki ili nayo yawe na nafasi ya kukopesha. Mfano bora tulio nao ni wa Mei 2020. Sehemu ya amana ambayo kila benki inalazimika kuiweka Benki Kuu ilipunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6, na riba ambayo benki inatozwa ikikopa Benki Kuu ikashushwa kutoka asilimia 7 hadi 5. Benki iliyotaka kukopa kwa kuweka rehani dhamana za Serikali, yaani hati za mikopo ya Serikali, thamani ya hati hizo ilikatwa kidogo kuliko awali. Mabenki yaliruhusiwa kukaa na wakopaji walioathirika na kupanga upya marejesho yao. Kiwango cha juu cha miamala ya fedha kwa simu kwa siku kilipanda kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio kutoka milioni 5 hadi milioni 10.

Mwezi Julai 2021 ikaja hatua nyingine: shilingi trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba nayo yaikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatumia riba moja ya kuonyesha mwelekeo, inayoitwa Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili 2024, na kushushwa hadi 5.75 Julai 2025. Kamati ya Sera ya Fedha huipitia kila robo mwaka.

5. Redio imesema Riba ya Benki Kuu imeshuka. Mbona rejesho langu ni lile lile?

Riba ile ni ya mabenki kukopeshana na kushughulika na Benki Kuu kwa muda mfupi. Mkopo wako umebeba mambo mengine: riba ambayo benki inawalipa wenye amana za muda maalumu, gharama za kuendesha matawi, hofu ya wasiolipa, na ukweli kwamba benki inaweza kununua hatifungani za Serikali na kupata faida bila kumfuatilia mtu mlangoni. Ndiyo maana riba za mikopo nchini zimekuwa zikikaa karibu na asilimia 15 kwa wastani hata pale Riba ya Benki Kuu inapokuwa chini ya 6.

Pili, mikataba mingi huku kwetu ni ya riba isiyobadilika. Uliposaini, ulikubali namba hiyo hadi mwisho. Soma mkataba, ukikuta imeandikwa kwamba riba itabadilika kufuatana na soko, unayo haki ya kuuliza kwa barua kwa nini haijabadilika kushuka, maana ikipanda huwa hawasahau kukujulisha.

6. Kwa nini Serikali isichapishe noti za kutosha tukamaliza shida?

Kwa sababu noti zikiongezeka bila bidhaa kuongezeka, kinachopanda ni bei. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda mwaka 1979, bidhaa ziliadimika, sukari na sabuni zikawa za foleni, na mfumuko wa bei ukawa karibu na asilimia 30 au zaidi kwa miaka mingi mfululizo. Mwaka 1983 Serikali iliwasaka wahujumu uchumi, na hadi leo wapo wanaoisifu kazi ile ya Waziri Mkuu Sokoine, lakini bidhaa hazikurudi madukani kwa wingi hadi mageuzi yaliyoanza katikati ya muongo ule, ukiwemo mpango wa kufufua uchumi wa 1986. Zimbabwe ilifika mbali zaidi: Januari 2009 ilitoa noti ya dola trilioni 100, na muda mfupi baadaye ikaiacha sarafu yake kabisa.

Anayeumia kwanza kwa mfumuko wa bei ni yule anayeweka fedha taslimu, yaani mwenye kibubu. Tajiri ana nyumba na ardhi.

## Bajeti, kodi na ruzuku

7. Mapato yameshuka. Kwa nini Serikali ijenge madarasa na kukopa badala ya kubana matumizi kama sisi?

Familia ikibana matumizi, mwenye duka ndiye anayepungukiwa. Familia zote, kampuni zote na Serikali zikibana kwa pamoja, kila mwenye duka anapungukiwa, naye anapunguza wafanyakazi, nao wanabana zaidi. Katika kipindi hicho Serikali ndiyo pekee yenye uwezo wa kutumia wakati wengine wameacha, mradi deni linalipika na kilichonunuliwa kinabaki na faida.

Tanzania imewahi kufanya hivyo mara mbili kwa uwazi. Juni 2009, baada ya msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani, Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567, na kutokana na fedha hizo ukaja mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliojenga, pamoja na mengine, madarasa 15,000 nchini kote. Fundi wa Himo au wa Usa River aliyepata kazi ya kupaua madarasa yale aliguswa na sera ya bajeti moja kwa moja, hata kama alichokiona yeye ni bati na misumari.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inachelewa. Ugonjwa ulifika Machi 2020 na madarasa yakaanza kujengwa mwishoni mwa 2021. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mwaka mmoja na nusu wa kodi ya nyumba na ada za shule.

8. Si wangefuta kodi tu, kila mtu akapumua?

Baadhi ya nchi zimejaribu. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020 na kuirudisha 16 Januari 2021. Shida ni kwamba anayepata nafuu kubwa ni anayenunua sana, na muuzaji si lazima ashushe bei. Sisi tulipunguziwa kidogo, na baadaye: Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8.

Mwezi huohuo, hata hivyo, ilianza tozo ya miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba 2021 ikapunguzwa kwa asilimia 30. Naamini wakati ule haukufaa. Fedha ya simu ndiyo ilikuwa kamba ya ndugu wa mjini kumvuta ndugu wa kijijini, na kamba haikatwi mtu akiwa bado kisimani.

Ikiwa una deni la kodi na biashara imesimama, usingoje hadi akaunti ifungwe. Sheria inamruhusu Kamishna Mkuu wa TRA kukubali ulipe kwa awamu, ila maombi hayo yanakubalika kirahisi zaidi yakiletwa kabla ya siku ya mwisho ya malipo.

9. Ruzuku ya mafuta ilitusaidia au ilimsaidia mwenye gari?

Kuanzia Juni 2022, bei ya mafuta ilipopaa baada ya vita vya Ukraine, Serikali iliweka shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Mwenye gari binafsi alifaidi moja kwa moja. Lakini nauli ya daladala, gharama ya lori la mahindi kutoka Babati na ya kusaga unga kwa mashine ya dizeli zote zimo ndani ya lita hiyo. Ruzuku ya mbolea iliyokuja mwaka uleule ilimlenga mkulima kwa usajili, kwa hiyo ambaye hakujiandikisha hakuipata.

10. Na sisi wa kahawa? Bei ikianguka, nani anatukinga?

Kwa bei ya dunia, hakuna. Hadi Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa uligawa viwango vya mauzo baina ya nchi na kushikilia bei. Ulipovunjika, bei iliporomoka, na mwaka 2001 ikafika chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo kadhaa. Yeyote aliyekulia Kibosho, Machame au Rombo anajua yaliyofuata: mibuni iling'olewa, migomba na nyanya zikachukua nafasi, vijana wakashuka mjini. Mdororo ule haukutangazwa na mtu, lakini uliubadilisha mlima.

Kinachoweza kukingwa ni mnyororo wa ununuzi. Katika mpango wa 2009 uliotajwa swali la 7, sehemu ya fedha ilielekezwa kufidia hasara ya wanunuzi wa mazao, vikiwemo vyama vya ushirika, waliokuwa wamenunua pamba na kahawa kwa mikopo ya benki kabla bei haijaanguka, na madeni yao kupewa muda zaidi. Maana yake ni kwamba mkulima alifikiwa kupitia chama chake. Mkoa wa Kilimanjaro umekuwa na ushirika wa kahawa tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake, ilipoundwa mwaka 1933, na bado chama cha msingi kilicho hai na chenye hesabu safi ndicho mlango wa kwanza ambao fedha ya dharura hupitia.

## Usalama wa mabenki

11. Kwa nini Benki Kuu hufunga benki wakati ndipo watu wanahitaji mikopo?

Benki inakopesha fedha za watu wengine. Mtaji wa wenye benki ndio mto wa kuangukia: mikopo isipolipwa, hasara inakatwa kwanza kwenye mtaji huo. Mto ukiisha, hasara inayofuata inawaangukia wenye amana. Kwa hiyo msimamizi anayesubiri "mpaka hali itulie" anawaweka wenye amana mstari wa mbele.

Januari 2018 Benki Kuu ilifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, moja ikiwa Meru Community Bank ya hapa Arusha, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Siku hiyohiyo Kilimanjaro Cooperative Bank ya Moshi ilikuwa miongoni mwa benki tatu zilizopewa hadi mwisho wa Juni kuongeza mtaji. Ilisaidiwa, ikasimama, na baadaye ikawa msingi wa Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Aprili 2025.

12. Benki ikifungwa, napata fedha zangu zote?

Unalipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi kikomo kilichowekwa. Mwaka 2018 kikomo kilikuwa shilingi milioni 1.5, kwa sasa ni milioni 7.5 kwa kila mweka amana katika benki moja. Kinachozidi hapo unakisubiri kwenye ufilisi, pamoja na wadai wengine, baada ya mali za benki kuuzwa na madeni yake kukusanywa. Inaweza kuchukua miaka.

Ikiwa unadaiwa na benki hiyohiyo, kufungwa kwake hakufuti deni. Mfilisi anaendelea kukudai.

Bima hii ni ya mabenki na taasisi za fedha zenye leseni ya kupokea amana kutoka Benki Kuu. Akiba zako za SACCOS au za kikoba hazimo. Tazama swali la 17.

13. Je, wasimamizi wakilegeza masharti kwa kila mtu si ndio ubinadamu?

Kulegeza kwa aliyeathirika na anayeonekana atarudi kwenye biashara ni jambo jema, na ndicho kilichofanyika 2020. Kulegeza ili kuficha ni jambo jingine. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, na Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Benki inayomkopesha mtu fedha mpya ili alipe deni la zamani inaonekana safi kwenye vitabu huku shimo linapanuka.

Tumeshalipia somo hili. Hadi miaka ya 1980 benki za umma zilikuwa zikikopesha mashirika na vyama ambavyo kila mtu alijua havitalipa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu ilifanya uchunguzi na kutoa ripoti yake mwaka 1990, sheria mpya ya mabenki ikatungwa 1991, na mwisho wake NBC ya zamani ikagawanywa mwaka 1997. Marekani nayo, katika muongo huohuo wa 1980, iliviacha vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vilivyokwishafilisika viendelee kupokea amana kwa matumaini ya kujikwamua, na walipakodi wakaishia kubeba takriban dola bilioni 124.

14. Kwa nini isitungwe sheria kwamba riba ya benki isizidi kiwango fulani?

Kenya ilitunga mwaka 2016: riba isizidi pointi 4 juu ya riba ya benki kuu yao. Mabenki yalipoona hayawezi kumtoza mkopaji mdogo kulingana na hatari yake, yaliacha kumkopesha na kupeleka fedha kwenye dhamana za Serikali. Wafanyabiashara wadogo wakaenda kwa wakopeshaji wa mtaani na wa simu. Sheria ikafutwa Novemba 2019. Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, hata hivyo, Tanzania inacho kikomo, na nadhani ni sahihi kuwepo. Kimeelezwa swali la 16.

## Deni lako wakati wa hali ngumu

15. Siwezi tena kurejesha kama zamani. Nifanye nini, na nitalipia nini?

Nenda kabla hujakosa rejesho la kwanza. Mkopo ambao haujachelewa una njia nyingi. Ukishapita siku 90, afisa aliye mbele yako amefungwa mikono na kanuni zilizotajwa swali la 13. Peleka barua fupi, taarifa ya benki au ya simu ya miezi sita, na ushahidi wa kilichopungua. Daftari la yule mama wa mboga lilitosha kabisa kuwa ushahidi.

Kisha omba uonyeshwe hesabu kwa maandishi, kwa sababu kupangiwa upya ni nafuu yenye bei. Tuseme deni lililobaki ni shilingi 9,000,000, riba ni asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, na imebaki miezi 18. Rejesho lako ni takriban 574,000 kwa mwezi, jumla kama milioni 10.3. Ukipewa miezi sita bila kulipa chochote, riba inaendelea kuongezwa juu ya deni, na mwezi wa saba unalikuta limefika takriban 9,841,000. Likitandazwa kwa miezi 30, rejesho linashuka hadi karibu 410,000, lakini jumla inakuwa kama milioni 12.3. Umenunua pumzi kwa karibu shilingi milioni 2.

Kwa mtu ambaye wageni wake watarudi msimu wa Julai, inafaa kuinunua. Ukiweza kulipa japo riba tu katika ile miezi sita, ambayo hapa ni 135,000 kwa mwezi, deni halikui. Wengi wetu tungeweza kufika hapo kwa kuuza kitu kimoja ambacho hakitumiki.

16. Na mikopo ya kausha damu na ya kwenye simu?

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji asiyepokea amana lazima awe na leseni, na riba yake haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 500,000 hiyo ni 17,500 kwa mwezi. Anayekutoza asilimia 20 anachukua 100,000 kwa mwezi, na kadi yako ya benki au kitambulisho anachokishikilia si dhamana halali ya kumpa nguvu hiyo.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kupakua yoyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Programu inayotaka kusoma majina yote kwenye simu yako inajiandaa kumpigia mkweo siku utakapochelewa.

17. Fedha zangu ziko kwenye SACCOS au kikoba. Ni salama?

Usalama wake ni ule mlioujenga wenyewe. Kikundi cha kijamii husajiliwa kupitia halmashauri. SACCOS hupewa leseni na kukaguliwa chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hakuna kati ya hivyo kilicho na bima ya amana. Uliza mambo mawili kwenye mkutano mkuu: ni kiasi gani cha mikopo kimechelewa, na fedha taslimu iliyopo benki ingetosha kuwalipa wanachama wangapi wakitaka kujitoa mwezi mmoja. Mwenyekiti anayekasirikia swali hilo amekujibu.

18. Benki inaweza kuuza nyumba yangu kwa dalali mara nikishindwa?

Si mara moja. Kwa nyumba au shamba lililowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inataka upewe notisi ya maandishi na siku 60 za kurekebisha kabla mkopeshaji hajatumia haki ya kuuza. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Iliyowekwa bila ridhaa hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Malalamiko mengine dhidi ya benki yaanze kwenye benki yenyewe kwa maandishi, na usiporidhika uyapeleke kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

## Hali za pekee

19. Nimepunguzwa kazi hotelini. Kuna chochote?

Ikiwa mwajiri alikuwa akichangia NSSF, lipo fao la upotevu wa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kazi kwa hiari hastahili. Hakiki michango yako leo, ukiwa bado kazini.

20. Wageni wanalipa kwa dola. Mdororo ukija, niziweke dola?

Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza kutaja bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kuwa na akaunti ya dola benki si kosa. Ila angalia mkopo wako: ukikopa kwa dola wakati kipato chako sasa ni cha shilingi, shilingi ikishuka deni linapanda ukiwa umelala.

21. Makao makuu ya Afrika Mashariki yako hapa Arusha. Jumuiya haiwezi kutusaidia?

Jumuiya haina mfuko wa kuokoa uchumi wa nchi wanachama. Itifaki ya Umoja wa Fedha ya 2013 inaweka masharti ya kufikia kabla ya sarafu moja: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisilozidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi 4.5 ya uagizaji. Mdororo ukibana, sharti la nakisi ndilo la kwanza kuvunjwa.

22. Mimi ni mpagazi wa mlimani. Sina mkataba, sina NSSF, sina leseni ya biashara. Haya yote yananihusu vipi?

Hili ndilo swali ninaloliona gumu kuliko yote, na nimeulizwa na vijana wa Marangu na wa Machame mara nyingi. Rudia majibu ya juu uone: riba iliyoshuka ilipitia benki, fidia ya 2009 ilipitia ushirika, fao linapitia michango, mbolea ilipitia usajili. Mpagazi anayelipwa taslimu getini anapita kando ya milango yote hiyo, na mwaka 2020 ndiye aliyekuwa wa kwanza kukosa kipato na wa mwisho kuhesabiwa.

Mlango uliopo wazi kwake ni mfuko wa halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa Julai 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba ya kurasa chache na akaunti ya benki. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye, na kusajili kikundi kunachukua wiki kadhaa, kwa hiyo mwezi wa kuanza ni Januari wakati mlima bado una wageni, kabla mvua za masika hazijapunguza safari. Pamoja na hilo, NSSF hupokea uanachama wa hiari wa mtu aliyejiajiri. Lete kitambulisho cha NIDA na kiasi unachoweza kukitoa kila ukishuka mlimani.